Bei ya Kuziba Jino

Tryphosa Jepchumba hakuzaliwa kubembeleza watu kwa simu. Alifundisha darasa la tatu kwa miaka kumi na miwili, na aliposema "kaa chini", watoto hamsini na sita walikaa. Leo ana miaka arobaini na tisa, anasimamia kliniki ya meno ya Daktari Mwihaki, na yeye ndiye anayeambiwa asubiri. Anasubiri akisikilizishwa muziki ule ule wa kinanda, halafu simu inakatika, na inabidi aanze tena tangu mwanzo. Mwezi huo wa sita alikuwa ameipigia kampuni ya bima ya Kivuli Bora mara kumi na nne. Alizihesabu. Yeye ni mtu wa kuhesabu, na hilo, kama tutakavyoona, ndilo lililomponza.

Kliniki yenyewe ni vyumba viwili na kiti kimoja cha wagonjwa, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, ukitoka mjini kuelekea mtaa wa West Indies. Ukipanda ngazi unasindikizwa na harufu ya dawa ya kupe mpaka mlangoni, ndipo inapokupokea ile ya karafuu. Daktari Mwihaki alizaliwa hapa hapa Eldoret, wazazi wake walikuja kutoka Nyeri wakafungua duka la misumari na mabati. Mikono yake ni myepesi na moyo wake ni mwepesi zaidi. Mgonjwa akisema hana pesa, yeye husema sawa. Mwenye nyumba akipandisha kodi, husema sawa. Mtu wa namna hiyo asipokuwa na Tryphosa mlangoni, atakula nyasi.

Sasa sikiliza hesabu ya Kivuli Bora, ujue kwa nini Tryphosa alikuwa akisaga meno yake mwenyewe. Kampuni hiyo ndiyo iliyowakatia bima wakulima wazee wa chama kimoja cha ushirika wa maziwa, watu zaidi ya mia tatu, na kati ya wagonjwa kumi wanaokaa kwenye benchi la kliniki, sita ni wao. Kuziba jino, kampuni inalipa shilingi elfu moja mia nane. Bei hiyo iliwekwa mwaka wa 2017. Tangu hapo dawa ya kujazia imepanda, glavu zimepanda, stima imepanda, hata pamba imepanda. Kila jino analoziba, daktari anaongeza mia nne kutoka mfukoni mwake. Lakini kung'oa, ambako hakuna gharama kubwa, kampuni inalipa vizuri tu. Yaani ukitaka faida kwa Kivuli Bora, ng'oa. Mzee aje na jino linaloweza kuokolewa, wewe mng'olee, utapata hela yako na kampuni itakupongeza. Daktari Mwihaki alikuwa hajang'oa hata jino moja lisilostahili, na kwa sababu hiyo alikuwa anafilisika polepole, kwa heshima zote.

Mwezi wa tano alimwita Tryphosa ndani, akavua barakoa, akamwambia ukweli. Mkataba na Kivuli Bora ulikuwa unaisha tarehe thelathini mwezi wa sita. Kama bei ya kuziba haingefika elfu mbili mia nane, angempa mwenye nyumba notisi, auze kiti, arudi kuajiriwa Nakuru. Tryphosa alimuuliza kama ni kweli. Daktari alisema ni kweli, na kwa mara ya kwanza hakusema sawa.

Ndipo zikaanza zile simu kumi na nne. Ya kumi na tano ilipokelewa na Cate, msichana wa sauti tamu ambaye hakuwahi kumkumbuka.

"Asante kwa kupigia Kivuli Bora, unaongea na Cate, nikusaidie aje?"

"Cate, ni Tryphosa wa Eldoret."

"Tryphosa who?"

"Yule wa jana. Na wa juzi. Ile barua yetu ya bei mpya imefika wapi?"

Alisikia vidole vya Cate vikidonoa kompyuta. Halafu Cate akashusha sauti, kama nesi anayekuja na habari mbaya.

"Madam, hapa naona mko under investigation."

"Chini ya nini?"

"Fraud, madam. Mazungumzo ya bei yamesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Mlitumiwa email."

Barua pepe ilikuwa imetumwa kweli, asubuhi hiyo hiyo. Tryphosa aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa ameketi. Ilisema kwamba mfumo wa kampuni umegundua wagonjwa kumi na mmoja wa kliniki hiyo, wa vijiji tofauti na koo tofauti, ambao chati zao zinaonyesha meno mawili yale yale hayapo. Mawili ya mbele, ya chini, ya katikati. Tena katika fomu zote kumi na moja, nafasi ya sababu ya kukosekana kwa meno iliachwa wazi. Kwa maoni ya mfumo, mtu amekaa ofisini akanakili chati moja mara kumi na moja.

Tryphosa alicheka peke yake mpaka mgonjwa kwenye benchi akageuka. Kisha akaacha, kwa sababu aliyekaa ofisini akajaza zile fomu alikuwa yeye.

Mtu yeyote aliyekulia Uasin Gishu angemaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Zamani, kabla kanisa na shule hazijakaza kamba, mtoto wa Kinandi akifika umri fulani aling'olewa meno hayo mawili. Wengine watakuambia ni urembo, wengine watakuambia ni ili mgonjwa aliyefunga taya aweze kunyweshwa maziwa kupitia pengo. Vyovyote vile, ukimwona mzee wa miaka themanini akicheka, pengo liko pale katikati, safi kabisa, na hakuna anayelishangaa. Wakulima wa ushirika ule ni wazee wa miaka themanini. Sasa ulitaka wawe na meno ya nani?

Alipiga simu tena, akaeleza haya yote kwa utaratibu, kama anayefundisha kujumlisha.

"Madam," Cate akasema, "watu eleven wakose the same two teeth? Statistically haiwezekani."

"Cate, nyumbani kwenu ni wapi?"

"Mimi ni wa Umoja, hapa Nairobi."

"Na babu yako ni wa wapi?"

"Babu sijawahi kumwona."

Tryphosa aliona hapo hakuna cha kufundisha. Asiyekujua hakuthamini, na huyu hakumjua hata babu yake. Aliomba kuunganishwa na mkubwa, akaunganishwa na kinanda.

Siku nne baadaye ikaja habari kwamba Bwana Gichuru, anayeshughulikia mikataba na ukaguzi wa madai, angefika mwenyewe Alhamisi. Tarehe ishirini na saba! Siku tatu kabla ya mkataba kufa! Daktari Mwihaki akasema labda ni heri wangoje tu waone. Tryphosa akamwambia kungoja ni kazi ya wagonjwa, akachukua orodha ya wale kumi na mmoja, akaanza kuwapigia. Hakumwomba mtu ruhusa.

Alhamisi asubuhi walikuja saba. Mmoja alikuwa amefariki mwezi wa pili. Wawili walikuwa kwa watoto wao, Kericho na Nairobi. Wa kumi na moja alikataa katakata, akasema hajawahi kumfungulia mdomo mtu asiyemjua na hataanza leo. Hao saba walijaza benchi na viti vya plastiki alivyoazima dukani chini, na makoti yao mazito, na kofia zao za sufu. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Kogo Jerop, bibi wa miaka themanini na tatu. Kila mtu pale kliniki alimwita Kogo, kwani ndivyo tunavyomwita nyanya, na yeye alijibu akiitwa hivyo na asipoitwa hivyo hakujibu.

Kogo Jerop alikuwa na historia na kiti kile. Miaka mitatu nyuma daktari alimtengenezea meno ya bandia ya chini, yote kamili, mazuri, akampa kioo. Kogo alijitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kinandi, huyu mwanamke ni nani? Alikataa kuyavaa mpaka yale mawili ya katikati yakatolewa na pengo lake likarudi. Tangu siku hiyo Tryphosa huwauliza wazee wote kabla hawajapimwa kama wanataka kubaki na pengo, na meno hayo mawili hayajawahi kudaiwa kwa bima, hata senti.

Bwana Gichuru alipanda ngazi saa nne unusu, amevaa koti jembamba la Nairobi, anatetemeka. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na miaka arobaini hivi na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Daktari Mwihaki alimsalimu kwa Kikuyu, yeye akajibu kwa Kiingereza, na daktari akanywea. Tryphosa alimpa chai.

"Bwana Gichuru," akasema, "kabla hujafungua kompyuta yako, fungua macho. Hawa saba wamekuja kwa ajili yako."

"Hawa ni akina nani?"

"Ni chati."

Kogo Jerop akafungua mdomo bila kuambiwa. Gichuru aliinama, akawasha tochi ya simu, akatazama. Akaenda kwa wa pili. Wa tatu. Kila aliyefikiwa alifungua, akafunga, akaendelea na mazungumzo yake. Alipomaliza wa saba alisimama wima polepole, akajipangusa goti, na Tryphosa akaona kitu alichokiona mara nyingi darasani, uso wa mtoto aliyegundua kwamba jibu la nyuma ya kitabu ni tofauti na lake.

"Muulize huyu bibi wa kwanza ni nani alimtoa meno," Gichuru akasema.

Tryphosa aliuliza, akatafsiri. "Anasema ni shangazi yake. Kwa chuma. Anasema hakulia."

"Kuna document yoyote?"

"Ya nini?"

"Ya hiyo procedure."

Tryphosa alimtazama. "Bwana Gichuru, ilikuwa kabla ya uhuru. Ilifanyika nyuma ya boma. Shangazi hakuwa na risiti."

Kogo Jerop alitaka kujua kijana anasema nini. Alipoambiwa, alicheka sana, pengo likaonekana lote, akauliza kama mama yake kijana huyu anajua ametoka bila sweta.

Waliingia chumba cha ndani watatu, daktari, Gichuru na Tryphosa, mlango ukafungwa. Gichuru aliketi kwenye kiti cha wagonjwa kwa kukosa kingine. Akasema, bila kuzunguka, kwamba ameamini. Daktari Mwihaki akashusha pumzi. Tryphosa hakushusha, maana aliisikia "lakini" ikija tangu mbali.

"Lakini siwezi kufunga faili hivyo tu," Gichuru akasema. Akawaonyesha fomu kwenye kompyuta. Sababu ya kukosekana kwa jino. Kuoza. Ugonjwa wa fizi. Ajali. Halikuota. "System inataka moja kati ya hizi nne. Nyinyi mliacha wazi."

"Tuliacha wazi kwa sababu hakuna hata moja iliyo kweli."

"Madam, ungeweka tu 'ajali'. Hakuna mtu angeuliza."

Hapo Tryphosa alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Huyu mtu amepanda ndege, amewatoa wazee vitandani kwenye baridi ya Juni, amemwita mwizi kwa barua, na kosa lake, kumbe, lilikuwa kukataa kusema uwongo! Alitamani awe na chaki, ampige nayo kipajini kama alivyokuwa akifanya zamani kabla serikali haijakataza.

"Basi ongezeni nafasi ya tano," akasema. "Mila. Herufi nne tu."

"Hiyo form ilitengenezwa na director mwenyewe. Mimi siwezi kumwandikia director kwamba form yake haijui watu." Gichuru alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokwisha chapwa. "Kuna njia fupi. Kliniki inaandika barua. Inasema kulikuwa na makosa ya ujazaji kwenye fomu kumi na moja, na kwamba sababu sahihi ni ajali. Faili inafungwa leo. Kisha tunaongea bei. Nimekuja na elfu mbili mia mbili."

Mdomo wa Daktari Mwihaki ulikuwa umeanza kutengeneza ile "sa" ya sawa. Tryphosa alimwekea mkono begani, na neno likabaki humo humo.

Alikuwa akimtazama Gichuru. Mwalimu wa darasa la tatu anajua mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani hata kabla hajafungua mkoba. Kwa nini mtu atoke Nairobi na barua iliyokwisha chapwa? Kwa nini aje mwenyewe, asimtume karani?

"Bwana Gichuru, hii faili ikibaki wazi mwisho wa mwezi, inakwenda wapi?"

"Inapanda juu."

"Kwa director."

"Ndiyo."

"Atauliza ni nani aliyewaita wazee mia tatu wa ushirika wezi, wakati mkataba wao wa bima na kampuni yenu nao, wazee wameniambia, uko mezani."

Gichuru alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili, ingawa chai yenyewe ilikuwa imepoa.

"Barua inatiwa sahihi na nani?" Tryphosa akauliza.

"Aliyejaza fomu."

"Ni mimi. Kwa hivyo leo huongei bei ya kuziba jino na daktari. Unaongea bei ya uwongo na mimi. Nimefundisha watoto miaka kumi na miwili kwamba usichokiona usikiandike. Ukitaka niandike ajali kumi na moja ambazo hazikutokea, sitaziandika kwa elfu mbili mia mbili. Mkono mtupu haulambwi, na huo wako una makombo."

"Tryphosa," daktari akasema kwa sauti ya chini.

"Elfu mbili mia nane, daktari. Uliniambia mwenyewe."

Gichuru alitoka na simu kwenye korido. Alikaa huko dakika ishirini, na kupitia mlango walimsikia akisema yes sir, no sir, yes sir. Nje kwenye benchi wazee walikuwa wakibishana kuhusu bei ya maziwa. Daktari alikuwa akipanga vyombo vyake ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Tryphosa aliisoma ile barua mara mbili, akaona hata Kiingereza chake kina makosa, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hakuweza kujizuia.

Gichuru alirudi. "Elfu mbili mia saba."

"Mia nane."

"Madam, ni mia moja tu!"

"Ni mia moja kwa kila jino, kwa kila mzee, miaka miwili. Wewe ndiye mtu wa statistics. Piga hesabu."

Gichuru akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayetua mzigo ambao hata si wake. Akafungua mkataba, akaandika elfu mbili mia nane kwa mkono, akatia sahihi ubavuni, na daktari akatia ya kwake chini.

Halafu ikawa zamu ya Tryphosa. Barua ilitaka majina yote. Aliyaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zilizosimama sawasawa, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila jina akaandika ajali. Kogo Jerop, ambaye shangazi yake alimng'oa kwa chuma na hakulia: ajali. Yule aliyekataa kufungua mdomo: ajali. Yule aliyefariki mwezi wa pili alikuwa wa nne kwenye orodha, na hapo kalamu yake ilisimama, kwa sababu alikuwa mzee mpole aliyekuwa akimletea mahindi ya kuchoma ofisini, na sasa hakuweza tena kuja kujisemea. Akamwandikia ajali na yeye. Akatia sahihi. Gichuru akapiga picha barua, akaituma, akasubiri, na baada ya muda kompyuta yake ikatoa mlio mdogo. Faili imefungwa. Alishukuru kwa chai, akashuka ngazi haraka kuwahi ndege.

Kogo Jerop alikuwa bado kwenye benchi, ameshika fimbo yake. Alimuuliza Tryphosa kama kijana yule hatimaye ameamini.

"Ameamini, Kogo," Tryphosa akamjibu. Na hiyo ilikuwa kweli, jambo ambalo lilimuudhi zaidi kuliko yote.

Bibi aliridhika, akaondoka na wenzake, mmoja mmoja, wakishikilia ukuta wa ngazi. Tryphosa alirudisha viti dukani. Alipopanda tena alimkuta Daktari Mwihaki amesimama katikati ya chumba, mkataba mkononi, machozi yakimtoka, na kabla hajasema neno alikumbatiwa kwa nguvu. Hakuna notisi. Hakuna Nakuru. Kiti hakiuzwi.

"Tumeshinda, Tryphosa," daktari akasema. "Tumeshinda."

"Wewe umeshinda, daktari," Tryphosa akamjibu, akijitoa taratibu. "Mimi nimewaangusha wazee kumi na mmoja, na mmoja wao tayari alikuwa amezikwa."